Seli shina zinapoichochea saratani ya mfupa

Kwenye osteosakoma, saratani ya mfupa, seli shina za uboho (seli changa zinazoweza kugeuka aina nyingine) si watazamaji. Humwaga interleukini-6, protini ya kupeleka ishara, ambayo huwasha STAT3, protini inayoamsha jeni, ndani ya seli ya saratani; seli inagawanyika na kugoma kufa. CXCL12, ishara nyingine ya seli shina, nayo huzivuta seli za saratani zenye kipokezi chake, CXCR4, na safari mara nyingi huishia mapafuni.

Kuliona hili maabara: acha seli shina kwenye maji-lishe yasiyo na seramu (sehemu ya majimaji ya damu) saa 24 hadi 48, yazungushe kwenye sentrifuji kuondoa mabaki, kisha yaweke chini ya utando wa matundu ya mikromita 8, seli za saratani juu, uone ngapi zinapenya kushuka. Seramu ikibaki (kosa linaloudhi kweli!) yenyewe huvuta seli, ukadhani ni CXCL12. Ongeza AMD3100, kizuizi cha CXCR4: uhamaji usipopungua, tafuta ishara nyingine.