Umati unapogeuka "mob"

Niliwahi kuandika kwa Kiingereza kwamba wageni wa harusi fulani walikuwa "a happy mob", na mhariri akalizungushia neno la mwisho wino mwekundu bila kusema lolote. Kamusi yangu ilikuwa imenipa maana moja tu, yaani kundi kubwa la watu. Haikunieleza kwamba "crowd", yaani umati wa kawaida, linaweza kufurahi, kusubiri au kukasirika, ilhali "mob" limekwisha kuhukumiwa kabla hata halijapewa kivumishi.

Neno hilo lilikatwa kutoka katika Kilatini, mobile vulgus, yaani makabwela wasiotulia, mwishoni mwa karne ya 17. Mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift alilinung'unikia katika gazeti la The Tatler, ingawa kilichomkera kilikuwa ule mtindo wa kukatakata maneno.

Vivumishi navyo havibadilishani nafasi ovyo. "Unruly" husemwa pia kuhusu watoto watundu na nywele zisizolala hata zikichanwa, kwa hiyo "unruly crowd" ni watu wasioshikika, ambao huenda wakatulia wakipata wa kuwapanga. "Rowdy crowd" ni kelele na kusukumana, kama mashabiki waliolewa. "Baying mob" ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa "baying" ni mlio wa mbwa wa kuwindia walionusa windo, na mwandishi anayeutumia amekwisha kuwavua watu hao utu wao.

Hata hivyo, kinachonitatiza zaidi ninapotafsiri ni maneno yetu wenyewe: "wananchi wenye hasira kali". Magazeti huyatumia kila mtuhumiwa wa wizi anapopigwa hadi kufa. Nikiandika "angry citizens", msomaji wa Kiingereza ataona watu wenye mabango wakidai maji. Nikiandika "angry mob", ataona mauaji, ila heshima ya uananchi ambayo gazeti liliwaachia wauaji itakuwa imepotea, pamoja na ile huruma iliyojificha ndani ya neno "hasira". Mara nyingi huchagua "mob", nikijua kwamba nimetoa hukumu ambayo mwandishi wa habari, kwa kusudi au kwa mazoea, hakuitoa.