Siku mwalimu asiyeona alipokataa vijana wangu wajifunge kitambaa machoni

Kipindi kile nafundisha elektroniki kwenye chuo kimoja pale Tabora, vijana wa stashahada ya uhandisi umeme, na muhula ule kila grupu lilitakiwa lije na projekti ya kusaidia watu mtaani. Grupu moja lilikuwa na vijana wakali kweli, wakatengeneza mashine ya kioski cha maji, unaingiza namba zako za malipo, koki inafunguka, ndoo ikijaa inajifunga yenyewe. Wameweka na skrini ya tachi, rangi rangi, yani ukiiona unasema hii imetoka dukani.

Darasani nilishawasimulia habari za Ronald Mace, msanifu majengo wa Marekani aliyepata polio utotoni akawa anatembelea kiti mwendo, na zile kanuni 7 alizotoa na wenzake mwaka 1997 za kubuni kitu kimfae kila mtu. Nikawaambia nchi yetu iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu 2009 na mwaka uliofuata tukatunga sheria yetu. Waliandika yote kwenye daftari, na mtihani wangejibu vizuri tu, ila kuyajua na kuyaingiza kwenye saketi ni mambo mawili. Ndo maana nikamwomba mwalimu mmoja mstaafu, mzee asiyeona toka mdogo, anakaa Cheyo, aje aitumie ile mashine mbele ya darasa kabla hatujatoa maksi.

Akaja na bodaboda peke yake. Shikamoo mwalimu, marahaba wanangu, akapelekwa kwenye mashine. Akapapasa kile kioo juu mpaka chini, na kila alipogusa namba zinaingia yeye hajui. Akauliza kwa upole kabisa, "Sasa wanangu, mimi hapa nashika wapi?"

Kimya. Halafu kiongozi wa grupu, kijana mwenye nia njema kabisa, akasema mwalimu basi sisi tutajifunga vitambaa machoni wiki nzima ili tujue unavyojisikia. Mzee akakataa palepale.

"Hapana mwanangu. Ukijifunga kitambaa utajigonga, utaogopa, jioni unakifungua unabaki kunionea huruma. Mimi siogopi. Napika, napanda bodaboda, hela yangu naijua. Njoo unitazame ninavyofanya, halafu uniulize."

Nimesoma mengi kuhusu kufundisha ubunifu jumuishi ila sijakutana na maneno yaliyonyooka kama hayo, kwa sababu zoezi la kitambaa linamfundisha mhandisi namna ya kushindwa tu, ujuzi wa yule mzee haumo kabisa.

Akauliza luku, ile mita ya umeme, iko wapi. Tukampeleka ukutani kwenye karakana, akapeleka mkono, kidole cha kati kikatua kwenye 5. "Hapa ndo natokea." Pale kwenye 5 kuna kinundu kidogo, na ukishakipata hicho unajua 2 iko juu, 8 iko chini, 0 chini yake, na tokeni yote ya tarakimu 20 anaingiza mwenyewe kwake huku simu inamsomea meseji. Vijana wakajazana pale kukigusa, wengine luku wanaijaza toka wako darasa la tatu na hawajawahi kukisikia. Akawaambia wakaangalie na simu za vitufe, na kibodi ya kompyuta kwenye F na J.

Kazi ilianza upya na safari hii mzee yuko mezani toka asubuhi. Tachi ikatolewa. Kipedi cha vitufe vya namba kilichopatikana mjini kilikuwa flati, wakadondoshea tone la gundi kwenye 5 wakaliacha likauke. Kuna aliyeleta kingine kimepangwa kama kikokotoo, 7 juu, mzee akakikataa maana mkono wake umezoea mpangilio wa simu. Wakaweka mlio mfupi kila ukibonyeza, mrefu namba zikikubali, mitatu zikikataa, binti mmoja akauliza na kiziwi je, ikaongezwa taa, na mzee akasema ongezeni sauti, asubuhi kioski ni ndoo na makelele. Nikawapa kipimo cha viwango vya Marekani vya 2010, sehemu ya kubonyeza isizidi inchi 48, kama sentimita 122 hivi, ili wa kiti mwendo afikie, wakaishusha, na watoto nao wakaifikia, na huku kwetu watoto ndo wanatumwa maji kila siku.

Tulipoijaribu mzee aliingiza namba zake, mlio mrefu, maji yakatoka, akasikiliza ndoo inavyojaa mpaka koki ikajifunga.

Mimi nikaenda idarani na maombi mawili, kwanza mtumiaji atoe sehemu ya maksi za projekti, pili alipwe posho kama mtaalamu mwingine yeyote anayekuja kufundisha, maana ndicho alichofanya. La maksi lilipita siku hiyohiyo. La posho waliniambia nauli tu, nikalirudisha muhula uliofuata, likapita.