Saa ya Dirisha la Tatu

Jumatatu moja ya masika, katika chama cha akiba na mikopo pale Ngamiani, Tanga, dirisha la tatu lilikataa kazi tangu asubuhi. Kila amana ilijibiwa "muamala umekataliwa, unaanza upya". Ukaanza, ukakataliwa tena. Dirisha la kwanza na la pili hayakuwa na neno. Tukabadilisha waya wa mtandao, wapi!

Programu ile tuliitengeneza wenyewe, nasi hatukutumia kufuli, yaani kuifunga taarifa isiguswe na mwingine mpaka muamala uishe. Kila muamala ulipoanza ulipewa muhuri wa wakati, yaani namba ya kuonyesha umeanza lini: uliotangulia una ndogo, uliofuata una kubwa. Kila taarifa, iwe salio au namba ya simu, ilibeba namba mbili: muhuri mkubwa kuliko yote iliyoisoma, na muhuri wa muamala ulioiandika mwisho. Muamala ukitaka kusoma kilichoandikwa na wenye muhuri mkubwa kuliko wake, umechelewa. Unafutwa na kuanza upya kwa muhuri mpya. Ukitaka kuandika kilichokwisha kusomwa na wenye muhuri mkubwa, vivyo hivyo.

Salio lilikuwa linalindwa hivi. Mwanachama ana 400,000. Dirisha moja linaweka 150,000, jingine papo hapo linakata rejesho la 100,000. Yote mawili yamesoma 400,000, na pasipo ulinzi atakayeandika mwisho anaweza kuacha 300,000 badala ya 450,000. Kwa mihuri, mwenye namba ndogo akija kuandika anakuta mwenye namba kubwa ameshasoma, basi anarudishwa akasome upya. Hakuna anayeshikilia kufuli huku akingoja la mwenzake, kwa hiyo mkwamo, wa miamala miwili kungojana milele, haupo. Ila kusoma nako kunakuwa kuandika, kwa sababu muhuri wa msomaji lazima uwekwe, na diski inauhisi mzigo huo.

Kilichotufumbua macho ni mama mmoja aliyekuja kubadilisha simu ya mrithi wake. Dirisha la tatu likajibu "imehifadhiwa". Akaenda la pili kuhakikisha; namba ni ileile ya zamani. Akarudi la tatu, na safari hii kazi ileile ikakataliwa.

"Kaka, mbona mwanzo imekubali?" akauliza dada wa dirishani.

Swali hilo ndilo lililokuwa ufunguo. Tulikuwa tumeweka kanuni ya mtaalamu wa kompyuta Robert Thomas, iliyochapishwa mwaka 1979: maandishi yaliyochelewa, kama hakuna mwenye muhuri mkubwa aliyesoma, yapuuzwe tu bila kufuta muamala, kwa kuwa yangefunikwa na yale mapya. Simu ya mrithi huandikwa siku ya kujiunga na haisomwi na mtu. Kwa hiyo mara ya kwanza maandishi yalipuuzwa kimyakimya. Dirisha la pili liliposoma, likaacha muhuri wa leo. Mara ya pili ikawa lazima kukataa.

Basi muhuri wa dirisha la tatu ulikuwa mdogo mno. Tukaitazama saa yake: 1 Januari 2009. Betri ya bodi, ile CR2032 ya duara inayoiendesha saa kompyuta ikikosa umeme, ilikuwa imekufa, na umeme ulikatika Jumapili. Kila dirisha lilikuwa linajipigia muhuri kwa saa yake lenyewe, yaani idadi ya milisekunde tangu mwanzo wa 1970. Hilo lilikuwa kosa letu la usanifu, na betri mpya isingelitibu. Kuanza upya mara mia kusingesaidia kitu, kwani muhuri mpya nao ulikuwa wa 2009.

Jioni, baada ya kufunga, tuliihamishia kazi ya mihuri kwenye seva, kompyuta kuu ya madirisha yote: kaunta moja, yaani kihesabu kinachopanda, namba moja kwa kila muamala. Kabla ya kugawa namba, seva huandika diskini kikomo cha 1,000 zijazo. Umeme ukikatika, inaanzia kwenye kikomo, ikiruka namba kadhaa lakini bila kurudi nyuma kamwe. Kaunta haikuanza na 1, maana mihuri iliyokuwemo ilikuwa ya tarakimu 13 na kila kitu kingekataliwa. Tulitafuta iliyo kubwa kuliko zote, tukaongeza moja.

Kisha tukakaa na fomu za karatasi za siku ile, 11 za dirisha la tatu, tukizisoma moja moja dhidi ya hifadhidata. Tatu zilizopata jibu la "imehifadhiwa" hazikuwamo. Ya yule mama ilikuwa ya pili.