Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye ninayekuandikia katikati ya skrini

Saa 2:00 asubuhi. Ofisi yangu ni chumba nyuma ya maktaba ya chuo, na kiyoyozi kinanguruma kuliko seva. Napiga who -T, amri ya kuorodhesha walio kwenye seva: watu 11 wameingia. Mwenye alama ya kujumlisha, teminali yake, yaani skrini yake ya kuandikia amri, inapokea ujumbe. Mwenye alama ya kutoa kaandika mesg n, amri ya kukataa ujumbe, kajifungia.

Saa 3:30. Leo keneli mpya, ule moyo wa mfumo, lazima seva iwashwe upya. Natuma kwa wall, amri inayoandika ujumbe kwenye skrini za wote walioingia: "Seva itazimwa saa 6 mchana, yaani 12:00. Hifadhini kazi zenu." Naandika saa zote mbili tangu mgeni mmoja aliposoma saa 6 akasubiri jioni. Waliojifungia nao wanaupata, maana root, msimamizi mkuu wa seva, habishi hodi.

Saa 4:10 mlango unasukumwa. Mwanafunzi wa uzamivu, anahema.

"Kaka, kuna mtu kaingia kwenye faili langu!"

Namkalisha. Namweleza kwamba wall inaandika juu ya teminali moja kwa moja, vi, programu anayoandikia, haina habari. Maneno yale yamelala juu ya kazi yako kama karatasi juu ya kitabu; bonyeza Ctrl na L, skrini inachorwa upya, yanaondoka.

"Mimi nimeyafuta."

"Umeyafutaje?"

"dd. Mara tano."

Basi. dd hufuta mstari mzima. Alichofuta ni mistari mitano ya programu yake mwenyewe, iliyofunikwa na ujumbe wangu. Halafu akahifadhi, si nilisema hifadhini?

"vi umeifunga?"

"Hapana."

Tunashuka ngazi mbiombio hadi maabara. Nabonyeza u, ya kutengua. Mstari mmoja unarudi. u tena, tena, tena, tena. Yote mitano. Anaikagua mmoja mmoja kama anayehesabu chenji, kisha ananigeukia: "Kwani hamwezi kutuma WhatsApp?" Asante sikuisikia.

Saa 5 na kitu napitia ps, orodha ya programu zinazokimbia, na hapo ndipo wall inaponiangusha: kuna hesabu inakimbia siku ya tatu ndani ya tmux, inayoacha kazi iendelee hata mtu akitoka; mwenyewe alijitoa akaenda zake. Hana teminali mbele yake, ujumbe angeusoma wapi? Simu.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba. Nipo kikaoni."

"Kazi yako ikikatwa leo…"

"Usiguse!"

shutdown -c, nafuta uzimaji. Wall nyingine ya kuahirisha. Simu tatu za kuuliza kwa nini nimeahirisha, wengine hao hao walionung'unika asubuhi. Chai imepoa, mchana umepita sijui vipi.

Usiku, hesabu ya dokta imeisha. Macho yanawasha. Natuma wall ya mwisho, dakika kumi, hifadhini kazi zenu. Papo hapo maneno yanatokea kwenye skrini yangu mwenyewe. Napiga who. Nimebaki peke yangu.