Mwisho Niliosimuliwa

Kitinda mimba wangu amenogewa na Buffy the Vampire Slayer. Ni tamthilia ya misimu saba, vipindi 144, na nyumba nzima sasa tunalala kwa ratiba yake. Juzi kaja jikoni amefura. "Mama, hivi Xander alimdanganya kwa nini?"

Kwa asiyekijua: Buffy ni binti wa shule aliyeteuliwa kuua wanyonya damu, na mpenzi wake Angel naye ni mnyonya damu, ila ana roho. Ana laana: siku atakayoionja raha ya kweli, roho inamtoka. Ikamtoka kweli, usiku wa siku Buffy alipotimiza miaka 17. Katika kipindi cha kufungia msimu wa pili, kilichorushwa Marekani Mei 1998, Angel anataka kuimaliza dunia kwa kufungua mlango wa kuzimu, na Buffy anakwenda kumuua. Willow, rafiki wa Buffy, akiwa kitanda cha hospitali, anajaribu tena uganga wa kumrudishia Angel roho, anamtuma Xander, rafiki yao mwingine, amwambie Buffy. Xander anafika, anaumeza ule ujumbe, anampa mwingine: Willow kasema mtwange.

Sikumjibu mtoto. Mimi kipindi hicho nilikitazama kwa mkanda wa video, kwa binamu yangu, nimekaa pembeni ya kijana niliyekuwa nimemngoja anialike tangu muhula uanze.

Nyumbani tulikuwa tunamuuguza Bibi. Wakati ule alikuwa halinyanyui hata goti, na jioni zilikuwa zamu yangu. Kila baada ya saa mbili ageuzwe: unaivuta shuka aliyolalia, unamlaza ubavu, unaweka mto katikati ya magoti, kisha unakagua visigino na nyonga. Pakiwa pekundu unabonyeza kwa kidole. Wekundu usipofifia, kidonda kinakuja. Yule kijana hakujua lolote kati ya haya. Kwake nilikuwa msichana anayenukia sabuni, na nilitaka nibaki hivyo.

Basi tumekaa. Mkono wake uko juu ya mgongo wa kochi, haujashuka begani, lakini uko njiani. Kwenye kioo Buffy amebanwa ukutani, upanga umemponyoka, Angel anamchombeza kwamba hana tena silaha wala rafiki. Kafumba macho. Angel anausukuma upanga usoni kwake, na yeye, macho yakiwa bado yamefumbwa, anaudaka kwa viganja viwili. Chumba kizima kilipiga kelele. Mimi nikaangalia saa ya ukutani.

Wanapigana tena. Sasa Angel yuko chini, amepiga magoti, Buffy ameinua upanga. Mara macho ya Angel yanawaka, yanazimika, na uso wote unabadilika, unakuwa uso wa mtu aliyeamshwa ndotoni. Analia. Anamwita kwa jina. Upanga bado uko juu. Na ule mkono wa kwenye kochi, nadhani, ulikuwa umeshuka kiasi cha vidole viwili.

Nikasimama. Nilisema nina kichwa, nikatoka.

Bibi alikuwa ameshachelewa kugeuzwa, ila visigino vilikuwa salama. Aliniuliza nimetoka wapi nimependeza hivyo. Nikamwambia nilikuwa nasoma.

Kesho yake nikamuuliza kijana ikawaje. Akasema wakakumbatiana, mlango wa kuzimu ukajifunga wenyewe, wakaondoka zao pamoja. Nilitembea na mwisho huo miaka na miaka. Nimeusimulia kwa watu. Nimekuja kukitazama chote nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Wanakumbatiana, ndiyo, lakini nyuma ya mgongo wa Angel mlango unafunguka, na hakuna cha kuufunga ila damu yake. Buffy anamwambia anampenda, anamwambia afumbe macho, anambusu, anamchoma. Willow alikuwa amefaulu, ila kwa kuchelewa dakika chache tu.

Kwa hiyo Xander aliongopa ili mtu asisite kazini, na wangu aliongopa kwa sababu ambayo nimeigeuzageuza sana kichwani. Kunihurumia? Au naye aliondoka kabla ya mwisho?

Mwaka jana tulikutana arusini. Nikamuuliza. Hakukumbuka kipindi, wala upanga, wala Angel. Alichokumbuka ni kwamba nilikuwa natazama saa kila mara, akajua nimemchoka, ndiyo maana hakunialika tena. Nikamweleza habari za Bibi palepale, na sahani zetu mkononi.

"Sasa si ungeniambia? Ningekuja tukamgeuza wote."

Nikamtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Kwa alivyokuwa mwembamba enzi zile, nadhani Bibi ndiye angemgeuza yeye.