Kabla ya kuuliza kama utapata nusu

Mimi ni mhasibu jijini Nairobi, na sehemu ya kazi yangu ni kuwasaidia mawakili kupanga hesabu za wanandoa wanaoachana wakiwa na mali nyingi: nyumba za kupangisha, mashamba, hisa, kampuni ya familia, pamoja na mikopo iliyoshikamana na vyote hivyo. Karibu kila mteja huanza kwa kuuliza kama sheria itampa nusu. Naona swali hilo huja mapema mno, kwa sababu nusu ya kitu kisichojulikana ukubwa wake haina thamani yoyote, na katika ndoa nyingi zenye utajiri mmoja kati ya wawili hajui familia inamiliki nini wala inadaiwa na nani.

Ibara ya 45(3) ya Katiba ya 2010 inawapa wanandoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa ndani ya ndoa na inapovunjika, na wengi waliisoma kama ahadi ya kugawana nusu kwa nusu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema jambo tofauti kidogo: kwa mujibu wa kifungu cha 7, umiliki hufuata mchango wa kila mmoja. Mvutano huo ulifika hadi Mahakama ya Juu, iliyo juu ya mahakama zote nchini, ambayo Januari 2023 iliamua kwamba usawa haumpi mtu nusu moja kwa moja, na kwamba kila upande sharti uthibitishe ulichochangia. Katika kesi hiyo Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba waliyoishi na asilimia 20 ya nyumba za kupangisha. Mahakama ya Rufaa ikampandisha hadi nusu, na Mahakama ya Juu ikaiacha nusu hiyo isimame. Kwa hiyo nusu inapatikana, ila huletwa na ushahidi.

Ushahidi wa nini? Kifungu cha 2 cha Sheria hiyo ya 2013 kinahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto, uandani wa ndoa, kazi ya shambani na usimamizi wa biashara ya familia kuwa mchango, na hayo ni maendeleo makubwa, kwa maana mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa, ikiongozwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, ilikuwa imekataa kuhesabu mchango usiokuwa wa fedha. Hata hivyo, mali inapokuwa kubwa mchango wa aina hii hufunikwa kwa urahisi, kwa sababu anayeshika hatimiliki na taarifa za benki ana karatasi za kuonyesha, ilhali aliyesimamia mafundi, akapokea kodi za wapangaji na kuandika vitabu vya hesabu kwa miaka bila mshahara hana hata barua moja ya kuajiriwa. Ninawasihi watu wa namna hiyo watafute jumbe walizoandikiana na mafundi, stakabadhi zenye saini zao, na majina ya wapangaji waliozoea kuwalipa wao. Karatasi hizo ni mchango wao ukiwa katika sura ambayo jaji anaweza kuipima.

Mahali penye ugumu zaidi ni kampuni. Kampuni ni mtu anayejitegemea kisheria, na jengo lililosajiliwa kwa jina lake si la mume wala la mke, hata kama wao wawili ndio walioijenga kampuni hiyo kwa jasho na kukosa usingizi. Kinachoweza kudaiwa ni hisa. Hatua ya kwanza basi ni kupata kwa msajili wa kampuni orodha ya wakurugenzi na wanahisa, yaani ile CR12, na kuangalia tarehe ambazo hisa zilihamishwa na waliohamishiwa. Hatua inayofuata ni kusoma hesabu kwa makini, kwa kuwa kampuni ya familia inaweza kuonyesha faida ndogo huku ikilipa karo, mafuta ya magari, safari na mishahara ya ndugu wa upande mmoja. Mimi huanzia kwenye akaunti ya mkopo wa mkurugenzi, yaani kumbukumbu ya fedha ambazo mkurugenzi ameikopesha kampuni au amezichukua kutoka kwake, kwa sababu hapo ndipo fedha za nyumbani na za biashara hukutana, na mara nyingi ukurasa huo mmoja hueleza hali ya familia kuliko taarifa nzima ya faida na hasara.

Amana za familia (trusts), yaani mali inayoshikwa kisheria kwa manufaa ya wengine, nazo zinahitaji jicho. Kifungu cha 6 kinaziweka mali za amana nje ya mali ya ndoa, na kuunda amana kwa ajili ya watoto ni jambo halali na la busara. Lakini jengo linapohamishiwa huko ndoa ikiwa tayari imeyumba, tarehe ya uhamisho na ridhaa ya mwenzi huwa maswali ya haki kabisa, kwa kuwa kifungu cha 12 hakiruhusu mali ya ndoa ya mke mmoja kuuzwa, kutolewa zawadi au kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili.

Kuhusu madeni, sheria yetu ina jambo ambalo binafsi naliona si la haki: mali inagawanywa kwa kadiri ya mchango, ilhali deni lililochukuliwa kwa manufaa ya ndoa hubebwa sawasawa. Mtu anaweza kuondoka na sehemu ndogo ya nyumba na nusu kamili ya mkopo. Zaidi ya hayo, benki si mhusika katika kesi ya talaka. Aliyetia saini kama mdhamini wa mkopo wa kampuni hubaki mdhamini hata baada ya hukumu, mpaka benki yenyewe imwachilie kwa maandishi. Sharti hilo liandikwe ndani ya makubaliano kabla ya mtu yeyote kusaini.

Kodi huja mwishoni, ingawa inabadilisha hesabu. Kodi ya faida ya mtaji, yaani ile inayotozwa kwenye faida ya kuuza au kuhamisha mali, imekuwa asilimia 15 tangu Januari 2023, na uhamisho kati ya waliokuwa wanandoa kama sehemu ya mgao wa talaka hausababishi kodi hiyo, wakati kuuza mali hiyo hiyo kwa mtu wa nje ili mgawane fedha huenda kukaisababisha.

Waislamu wanaruhusiwa na kifungu cha 3 kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo haya, hivyo msomaji wa Mombasa au Lamu aanze kwa kuamua njia hiyo pamoja na wakili wake.

Kwa yule anayeogopa kwamba mali inahamishwa kimyakimya, kifungu cha 17 kinamruhusu kuiomba mahakama itamke haki zake hata kabla ya shauri la talaka kufunguliwa. Mgao wenyewe utasubiri ndoa ivunjwe, lakini orodha ya mali, majina yaliyomo na madeni yake vitakuwa vimeshafikishwa mbele ya jaji.