Imefanya nini

Jumapili usiku, na bado nimekwama kwenye irabu moja.

Wiki hii mama ametoka hospitali, mkataba wangu umeongezwa mwaka mwingine, na kitindamimba ameng'oka jino la mbele akalimeza. Hayo nitayaandika nikitulia. Kilichonikaa kooni ni simu ya Jumatatu na shemeji, ambayo haikufika hata dakika mbili, na nimeirudia kichwani kuliko rekodi yoyote niliyowahi kulipwa kuinukuu.

Ile amplifaya ya hedifoni, kikuza sauti, ni ya shemeji. Aliniazima nilipopewa yale mahojiano ya wazee, yaliyorekodiwa kana kwamba kinasa sauti kilikuwa ndani ya soksi. Hedifoni zangu ni za omu 300, yaani zina ukinzani mkubwa, na kompyuta hii haina nguvu za kuzisukuma; sauti ukiipandisha mpaka mwisho, wazee bado wananong'ona. Shemeji akaileta mwenyewe, imeviringishwa kwenye taulo. "Nimekaa nayo miaka tisa, shemeji. Haijawahi kunisumbua."

Basi Jumatatu asubuhi, mzee mmoja yuko katikati ya sentensi, ikanyamaza. Haikukwaruza, haikunuka, kitaa tu kikazimika. Kwa kawaida ukiiwasha inakaa kimya sekunde chache, kisha unasikia rilei, swichi ndogo inayojiwasha kwa umeme, ikigonga, tak. Hiyo rilei ndiyo inayoizuia sauti hadi umeme wa ndani utulie, ili ule mshindo wa kuwasha usizipige hedifoni. Nikawasha, nikazima, nikawasha. Tak haikuja.

Nikaona uungwana ni kumpigia kabla sijagusa bisibisi. "Shemeji, ile amplifaya imezima ghafla." Akanyamaza kidogo. Halafu akasema ama "Imefanya nini?" ama "Umeifanya nini?"

Hapo ndipo nilipo tangu Jumatatu. Yasemeni haraka, kwenye simu yenye mikwaruzo, muone kilichobaki cha kuyatenganisha. Ile i ya katikati inamezwa, ya mwanzoni inategemea mdomo wa msemaji ulivyokaa. Na bado moja ni swali la fundi, na lingine unaulizwa ukiwa umesimamishwa mbele ya watu. Kazini neno nisilolipata naliandika [haisikiki], naweka dakika na sekunde, naendelea. Hapa sina pa kurudisha nyuma. Nilichojibu ni "Hata sijui, shemeji," jibu linaloyafaa maswali yote mawili na lisilonisaidia hata chembe. Naye akasema, "Haya, tutaona." Hiyo "haya" nayo nimeshaipima mara nyingi. Dada ananiambia nimuulize mumewe. Niulize vipi? Shemeji, samahani, juzi ulinilaumu au hukunilaumu?

Nikaona bora nitafute ushahidi. Nilibadilisha waya, nikabadilisha soketi ya ukutani, kisha nikatoa multimita na kupima adapta: sifuri. Sitaficha, nilifurahi. Adapta imekufa kifo chake, mimi simo! Ujumbe ulikuwa umefika nusu ndipo nikasoma kibandiko mgongoni mwa adapta: AC 15V. Adapta nyingi za mezani hutoa mkondo mnyoofu (DC). Hii ni transfoma tupu ndani ya plastiki, inatoa mkondo geu (AC), na mimi nilikuwa nimeiweka multimita upande wa DC, ambako ni lazima isome sifuri. Nikageuza: 17.4. Imezidi 15 kwa sababu haikuwa na mzigo, yaani haikuwa inalisha kifaa chochote. Transfoma ndogo ndivyo zilivyo. Adapta nzima, na mimi nimo tena. (Kabla ya hapo nilikuwa nimeshika adapta ya ruta nijaribie. Ncha yake inaingia barabara. Inaingia barabara, na inatoa umeme mwingine kabisa.)

Ijumaa watoto walipolala nikafungua skrubu nne. Fyuzi nzima. Kwenye bodi hakuna kilichoungua wala kuvimba. Nilipoweka lenzi pale tundu la umeme linapolehemiwa, nikaona duara jembamba jeusi limezunguka mguu mmoja, kama uchafu kwenye ukucha. Risasi ya kulehemu imepasuka. Nikachomeka umeme, nikalisukuma tundu kidogo kwa kijiti cha mbao. Kitaa kikawaka. Nikahesabu, moja, mbili, tatu.

Tak.

Nilicheka peke yangu. Ufa wa namna ile huletwa na kuchomeka na kuchomoa, na miaka tisa ya kuchomeka na kuchomoa ni ya nani? Nilijivunia hiyo hesabu kama dakika kumi. Kisha nikainua macho nikaona rafu. Wiki ya pili niliihamishia huko juu ili kupata nafasi mezani, na waya ukawa unaning'inia hewani, umekazwa, kila anayepita anaupiga bega. Ufa unaweza kuwa wa shemeji na wiki ya mwisho ikawa yangu. Kwa hiyo "Umeifanya nini?" lingekuwa swali la haki, hata kama hakuliuliza.

Jana nimelehemu. Nimenyonya risasi ya zamani yote, nikaupasha moto mguu pamoja na shaba yake, nikaweka mpya. Kabla ya kuchomeka hedifoni nikapima umeme mnyoofu kwenye tundu la kutolea sauti, maana ukizidi unaweza kuziunguza: milivolti 6 upande mmoja, 4 mwingine. Salama.

Nikavaa, nikamrudia mzee wangu pale alipokatika. Sauti ya kushoto ilikuwa chini. Nikadhani ni kile cha kuzungushia sauti, maana vingi havilingani pande mbili ukiwa chini kabisa. Nikapandisha, vilevile. Nikazigeuza hedifoni, ya kushoto ikae kulia. Unyonge ulipaswa kuhama nazo. Haukuhama. Nikajaribu na zile ndogo za simu. Kushoto.

Shemeji anakuja kuichukua Jumanne jioni. Dada anasema nitaona usoni pake. Simu huwa naiweka sikio la kushoto, mkono wa kulia uwe na kalamu.

Sasa hivi nimezima taa nikasugua vidole karibu na kila sikio, mara tano au sita. Kulia naisikia ngozi. Kushoto nasikia kitu, lakini huenda ni kwa sababu najua vidole vipo.